Shahada ya Uuguzi na Usajili wa Kitaaluma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa tena na tena na wahitimu wa uuguzi, wanafunzi walio katikati ya masomo, na wazazi wanaowalipia ada. Mengi huulizwa kwa kuchelewa, baada ya joho kuvuliwa na barua ya kwanza kutoka kwa msajili kufika. Neno "baraza" limetumika kwa mamlaka yoyote inayotunza daftari la wauguzi kwa mujibu wa sheria, hata pale ambapo mamlaka hiyo huitwa bodi au ni idara ya serikali.

Nimetunukiwa shahada ya uuguzi. Je, mimi tayari ni muuguzi kisheria?

Bado. Katika nchi nyingi jina la muuguzi aliyesajiliwa linalindwa na sheria, na anayelitumia au kufanya kazi hiyo bila jina lake kuwamo daftarini anatenda kosa, hata kama alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Chuo kikuu kina mamlaka ya kutunuku shahada, lakini hakina mamlaka ya kumkabidhi mtu wagonjwa. Baraza halitunuku shahada ya mtu yeyote, bali huamua kama elimu uliyoipata, pamoja na afya yako na mwenendo wako, inatosha kukuruhusu kumhudumia mgonjwa ambaye hakukuchagua na hana namna ya kukuchunguza.

Tofauti hiyo huonekana vizuri pale mambo yanapoharibika. Muuguzi aliyethibitika kutenda kosa kubwa la kitaaluma anaweza kuondolewa daftarini, na shahada yake ikabaki halali kama ilivyokuwa siku ya mahafali. Aliyeacha kuhuisha leseni hupoteza haki ya kufanya kazi, ingawa hakuna anayemnyang'anya elimu yake. Mambo haya mawili yana chanzo tofauti, yana masharti tofauti, na kila moja lina njia yake ya kukoma.

Kwa nini shahada ya chuo kikuu ihitaji kutambuliwa kisheria, wakati ni elimu ya juu kuliko cheti?

Jibu limo katika historia, na inafaa kulieleza kwa kirefu kwa sababu matatizo mengi ya leo yametokana nayo. Daftari la wauguzi lilitangulia shahada ya uuguzi. Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, lilianza kusajili wauguzi kwa sheria mwaka 1891. New Zealand ilipitisha sheria mahususi ya usajili wa wauguzi mwaka 1901, na jina la kwanza kuandikwa, Januari 1902, lilikuwa la Ellen Dougherty. Uingereza ilipata sheria yake mwaka 1919, baada ya takriban miaka 30 ya mapambano yaliyoongozwa na muuguzi Ethel Gordon Fenwick. Wauguzi wa nyakati hizo walifunzwa hospitalini, katika shule zilizokuwa chini ya matroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali, na mwanafunzi alikuwa sehemu ya nguvukazi ya wodi.

Vyuo vikuu viliingia baadaye. Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, kilianzisha mafunzo ya uuguzi mwaka 1909, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaanzisha kitengo chake cha masomo ya uuguzi mwaka 1956. Kwa hiyo sheria za mwanzo ziliandikwa na watu waliokuwa na shule ya hospitali akilini mwao: zilitaja shule iliyoidhinishwa, cheti, na mtihani wa baraza. Shahada ilipokuja haikuwa na mahali pake katika maandishi hayo. Ililazimu sheria irekebishwe, kanuni mpya zitungwe, au baraza litumie mamlaka yake kuitangaza shahada kuwa sifa inayokubalika. Pale ambapo jambo hilo lilicheleweshwa, mhitimu wa miaka minne alijikuta hana kifungu cha kumsajili huku mwenye cheti akisajiliwa bila swali. Kwa maoni yangu, hiyo ni dhuluma isiyo na mtu mmoja wa kulaumiwa, na dawa yake ni kurekebisha sheria mapema, kabla ya kundi la kwanza la wanafunzi kudahiliwa.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya elimu ya awali ya wauguzi na wakunga vinavyoelekeza elimu hiyo itolewe katika ngazi ya chuo kikuu. Viwango hivyo ni mwongozo, na havibadilishi sheria ya nchi yoyote vyenyewe.

Chuo changu kina ithibati ya serikali. Je, hiyo haitoshi?

Kuna tabaka tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza wengi. Tabaka la kwanza ni ithibati ya taasisi: mamlaka ya elimu ya juu imekiri kwamba chuo hiki ni chuo kikuu halisi. Tabaka la pili ni idhini ya programu, yaani baraza la wauguzi limepitia mtaala, limewakagua wakufunzi, limezitembelea hospitali za mafunzo, na limekubali kwamba programu hii mahususi inaweza kumtoa muuguzi. Tabaka la tatu ni sifa yenyewe kutajwa katika sheria, kanuni au orodha rasmi kuwa inampa mwenye nayo haki ya kuomba usajili.

Chuo kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa la pili. Kinaweza pia kuwa na yote mawili kwa kampasi moja na kufungua nyingine ambayo baraza halijawahi kuikagua. Idhini ya programu mara nyingi hutolewa kwa muda maalumu na kwa idadi maalumu ya wanafunzi, nayo huweza kusitishwa. Kwa hiyo swali la kukiuliza chuo linapaswa kutaja mambo yote: je, programu hii, katika kampasi hii, kwa mwaka huu wa udahili, imeidhinishwa na baraza?

Nilianza masomo kabla programu haijaidhinishwa, na idhini ilikuja nikiwa mwaka wa pili. Nimo au simo?

Inategemea maneno ya uamuzi wa baraza. Mabaraza mengine huandika kwamba idhini inaanzia kwa wanafunzi waliodahiliwa tarehe fulani, na mengine huwajumuisha waliokwisha kuanza, kwa masharti ya kufidia mafunzo waliyoyakosa. Omba nakala ya uamuzi huo uusome mwenyewe. Maneno ya mdomo ya ofisa udahili, hata yakisemwa kwa nia njema, hayamfungi msajili.

Baraza huangalia nini hasa ndani ya shahada?

Huangalia muda, maudhui, na saa za mafunzo kwa vitendo, na hizi za mwisho ndizo huamua hatima ya maombi mengi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Umoja wa Ulaya. Agizo lake namba 2005/36/EC linataka elimu ya muuguzi wa huduma za jumla iwe ya angalau miaka 3 na saa 4,600 za nadharia na vitendo, ambapo nadharia isipungue theluthi moja ya muda wote na vitendo visipungue nusu. Agizo hilo pia linataja maeneo ambayo mwanafunzi lazima ayapitie: tiba ya jumla, upasuaji, watoto, uzazi, afya ya akili, wazee, na huduma za nyumbani. Uingereza hugawa saa hizo sawa kwa sawa, 2,300 za nadharia na 2,300 za vitendo, na tangu mwaka 2023 huruhusu hadi saa 600 za vitendo zifanyike kwa mazoezi ya kuigiza badala ya wodini.

Hapa ndipo shahada nzuri huweza kupungukiwa. Chuo chenye maabara bora na wahadhiri wenye shahada za uzamivu kinaweza kutoa mhitimu ambaye hajawahi kukaa wodi ya wagonjwa wa akili, kwa sababu hospitali ya jirani haikuwa na wodi hiyo. Transkripti yake itaonyesha alama ya juu katika somo la afya ya akili, na baraza litauliza: saa ngapi, hospitali gani, chini ya msimamizi yupi? Alama haijibu maswali hayo.

Kwa hiyo mwanafunzi yeyote anayesoma ukurasa huu naomba afanye jambo moja leo: afungue daftari lake la mafunzo kwa vitendo, ahakikishe kila zamu imeandikwa tarehe, wodi na idadi ya saa, na kila ukurasa umesainiwa na msimamizi. Kisha atunze nakala mbali na chuo. Nimeona majalada yakikwama kwa miezi mingi, muuguzi hodari akisubiri nyumbani, kwa sababu tu hakuna aliyeweza kuthibitisha majuma sita ya wodi ya watoto yaliyofanyika miaka tisa kabla.

Je, lazima nifanye mtihani hata baada ya kufaulu mitihani yote ya chuo?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Marekani kila anayetaka kuwa muuguzi aliyesajiliwa hufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, awe ametoka chuo kikuu au chuo cha ngazi ya chini yake. Ufilipino, sheria ya uuguzi ya mwaka 2002 inataka shahada ya kwanza ya uuguzi kisha mtihani wa bodi, ambao mtahiniwa hufaulu kwa wastani wa asilimia 75 bila somo lolote kushuka chini ya asilimia 60. Kwingine baraza huridhika na mitihani ya chuo, kwa kuwa limeshaikagua programu yenyewe na huendelea kuisimamia. Na ziko nchi ambazo mhitimu wa shahada hutakiwa kukamilisha kipindi cha utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili, naye hupewa usajili wa muda katika kipindi hicho.

Je, mwenye shahada na mwenye stashahada huandikwa katika daftari moja?

Mara nyingi ndiyo, na jambo hili huwashangaza wahitimu wa vyuo vikuu. Daftari huandika haki ya kufanya kazi, na haki hiyo huweza kuwa moja hata kama njia za kuifikia ni mbili. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, inazo njia zote mbili, ya ufundi na ya chuo kikuu. Uingereza imechagua njia nyingine: kufikia mwaka 2013 mafunzo yote mapya ya uuguzi yalikuwa yamepandishwa hadi ngazi ya shahada, huku waliosajiliwa zamani kwa stashahada na vyeti wakibaki na haki zao zote. Nchi nyingine zina sehemu tofauti za daftari kwa kila ngazi. Tofauti ya mshahara na cheo ni suala la mwajiri na muundo wa utumishi, na msajili hana uwezo wa kulitatua.

Nilisoma stashahada, nikafanya kazi, kisha nikajiendeleza hadi shahada kwa miaka miwili. Nchi ya nje itaihesabu vipi?

Wasilisha elimu yote kwa pamoja. Shahada ya kujiendeleza huwa fupi kwa sababu imejengwa juu ya msingi uliokwishawekwa, na ikitumwa peke yake itaonekana pungufu kwa saa na kwa maeneo ya mafunzo. Makosa ninayoyaona zaidi ni ya mtu anayeona haya kutaja stashahada yake, akidhani itamshusha hadhi. Stashahada hiyo ndiyo yenye saa za wodini, na mara nyingi ndiyo iliyomsajili mara ya kwanza. Bila hiyo, jalada halina miguu.

Shahada yangu imetambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi ninakohamia. Kwa nini baraza la huko bado linaichunguza?

Kwa sababu utambuzi wa kielimu na utambuzi wa kitaaluma ni vitu viwili. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 kwa nchi za Ulaya, Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014 kwa nchi za Afrika, na Mkataba wa Dunia wa UNESCO wa mwaka 2019, ulioanza kutumika mwaka 2023, inahusu kwanza utambuzi wa sifa za elimu ya juu. Kwa mikataba hiyo unaweza kuendelea na shahada ya uzamili bila kuambiwa urudie ya kwanza, na utambuzi huo unaweza kukusaidia kuomba kazi, lakini haukuingizi katika daftari la taaluma inayodhibitiwa na sheria. Vivyo hivyo, muhuri wa apostili uliotokana na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 huthibitisha kwamba saini na mhuri kwenye hati ni halisi, na hausemi neno lolote kuhusu ubora wa elimu iliyotajwa ndani yake.

Ziko mahali ambapo kuvuka mpaka ni rahisi zaidi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, sifa ya muuguzi wa huduma za jumla iliyo katika orodha ya Agizo nililolitaja hutambuliwa moja kwa moja na nchi nyingine wanachama, na uamuzi unapaswa kutolewa ndani ya miezi 3 tangu jalada kukamilika. Aliyesomea nje ya Umoja huo hana haki hiyo mwanzoni. Hata hivyo, akishatambuliwa na nchi mwanachama mmoja na kufanya kazi humo miaka 3 kwa uthibitisho wa nchi hiyo, sifa yake hupewa uzito mpya anapoomba katika nchi nyingine za Umoja. Wauguzi wengi hawaijui kanuni hii, nami naona ni hasara kubwa kwao.

Jalada la maombi huwa na nini?

Orodha hutofautiana, lakini kiini chake ni kilekile: cheti cha shahada, transkripti, maelezo ya kozi yenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo, uthibitisho wa usajili wa sasa, cheti cha mwenendo mwema kutoka kila baraza ulilowahi kusajiliwa, uthibitisho wa lugha, na taarifa za polisi na za afya. Nyaraka muhimu hutakiwa zitoke chuoni au barazani moja kwa moja hadi kwa msajili mpya bila kupita mikononi mwako. Utaratibu huo unachosha, ila umewekwa kwa sababu vyeti vya kughushi vipo, na vimewahi kuwafikisha watu wasio wauguzi kando ya vitanda vya wagonjwa.

Cheti cha mwenendo mwema huwa na muda mfupi wa uhai, mara nyingi miezi michache. Kiombe mwishoni, wakati nyaraka zinazochelewa zimeshapatikana.

Jina langu kwenye shahada ni tofauti na la pasipoti.

Ambatisha cheti cha ndoa, hati ya kiapo au tangazo rasmi la kubadili jina, na utumie mpangilio mmoja wa majina katika fomu zote. Tofauti ya herufi moja inatosha kusimamisha jalada.

Chuo nilichosoma kimefungwa. Nani atathibitisha elimu yangu?

Katika nchi nyingi, kumbukumbu za chuo kilichofungwa hukabidhiwa mamlaka ya elimu ya juu, wizara, au chuo kilichorithi wanafunzi wake. Anza na mamlaka iliyokipa chuo ithibati. Baraza lililokusajili mara ya kwanza nalo linaweza kuwa na nakala ya mtaala liliouidhinisha, pamoja na jalada lako la wakati ule. Uthibitisho kutoka barazani, ukiambatana na daftari lako la vitendo, mara nyingine hukubaliwa badala ya barua ya chuo.

Baraza limenikatalia. Nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Uamuzi wa baraza ni uamuzi wa chombo cha umma, na katika mifumo mingi ya sheria mwombaji ana haki ya kuelezwa kwa nini amekataliwa, kusikilizwa, na kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Muda huo huwa mfupi na huanza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa, hivyo usiutumie wote katika masikitiko.

Kisha tofautisha aina ya kukataliwa. Kama sababu ni upungufu wa elimu, uliza kama unaweza kuufidia kwa mtihani wa umahiri au kipindi cha kufanya kazi chini ya usimamizi. Mahakama ya Ulaya, katika shauri la Vlassopoulou la mwaka 1991, lililomhusu mwanasheria, ilisema kwamba mamlaka haiwezi kuitupa sifa ya nje bila kuilinganisha na inayotakiwa nchini, na kwamba ulinganifu ukiwa wa sehemu tu, mwombaji apewe nafasi ya kuonyesha kwamba ameupata ujuzi uliosalia. Hata nje ya Ulaya, hoja hiyo inafaa kuandikwa katika barua ya rufaa kwa lugha ya staha: hamjaeleza ni sehemu gani ya elimu yangu iliyopungua, naomba mnieleze ili niikamilishe. Kama sababu ni nyaraka pungufu, rufaa ni kupoteza muda, leta nyaraka. Na kama sababu ni kwamba sheria haijaitaja sifa yako kabisa, msajili hawezi kukusaidia hata akitaka. Suala hilo ni la wizara na bunge, na ni hapo chama cha wauguzi kinapopaswa kusimama mbele ya mwanachama wake.

Naweza kufanya kazi nikisubiri?

Si kama muuguzi. Unaweza kuajiriwa kama msaidizi wa huduma, ukifanya kazi za msaidizi tu. Mwajiri anayekuomba utoe dawa "kwa muda tu" kabla ya usajili anakuweka katika hatari ambayo baadaye utaibeba wewe, jina lako likiwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Nilihitimu zamani na sijafanya kazi kwa miaka kadhaa. Je, shahada imekwisha muda?

Shahada haina mwisho, lakini haki ya kufanya kazi huambatana na ujuzi ulio hai. Uingereza, kwa mfano, humtaka muuguzi aonyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za elimu endelevu katika kila miaka 3. Anayepungukiwa hupitia mafunzo ya kurejea kazini au mtihani.

Mwanangu anataka kusoma uuguzi chuo kikuu. Niulize nini kabla ya kulipa ada?

Uliza mambo manne, na udai majibu ya maandishi. Programu imeidhinishwa na baraza hadi mwaka gani? Mafunzo kwa vitendo yatafanyika hospitali zipi, na makubaliano na hospitali hizo yamesainiwa? Saa za vitendo ni ngapi kwa kila eneo? Wahitimu wa mwaka uliopita wamesajiliwa wangapi? Chuo kinachojua kazi yake hujibu siku hiyohiyo. Halafu piga simu barazani, au ulitazame tangazo lake la vyuo vilivyoidhinishwa, ulinganishe jina la programu neno kwa neno na lile lililo kwenye barua ya udahili.